Safu ya Maelezo ya Mto Kilundwa

Usihangaike kumtafuta wa kulaumiwa katika habari hii. Ni mimi.

Naitwa Mwanvita, nakaa Mafiga, na huu ni mwaka wa ishirini na tisa nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo. Chuo chetu si kile kikubwa kinachojulikana. Ni kadogo, kako pembezoni mwa mji, na wanafunzi wetu wakitaka kuringa husema wanasoma Mazimbu, kwenye hicho kikubwa. Chini ya maktaba kuna chumba cha kumbukumbu. Wenzangu hukiita stoo, na nimegombana nao mpaka sauti imeniisha. Humo mna ramani za mito ya Uluguru, barua za wakoloni wakilalamikia mifereji ya wenyeji, ripoti za vyanzo vya maji, na majedwali ya vimo vya mito toka enzi hizo. Wanaoandika historia ya maji ya mkoa huu lazima wapite mikononi mwangu. Huja mbiombio kama waliokuja kuomba moto, wakipata wanachotaka hata asante hawasemi.

Mzee Halidi hakuja hivyo. Alikuja Jumanne moja ya mwezi wa pili mwaka jana, akasimama mlangoni, akavua viatu.

"Baba, shikamoo. Vaa viatu, hapa si msikitini."

"Marahaba, mwanangu. Sakafu inang'aa hii, nitaichafua."

"Ichafue, kuna mtu analipwa kuipiga deki."

Hakuvaa. Akaingia peku, viatu mkononi, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka ofisi ya maji. Walimwandikia kwamba madaftari ya kipimo cha Mto Kilundwa, ya miaka ya themanini, yalihamishiwa kwetu zamani, akaulize huku.

Nilisoma jina la mto, nikaikunja karatasi harakaharaka. Kwa sababu madaftari yale nilikuwa nayajua, na nilikuwa najua yaliishia wapi. Nikamwambia, "Kaa baba, unywe chai kwanza." Ukisikia Mwanvita anamkaribisha mtu chai ndani ya maktaba, ujue ana la kuficha.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza.

"Mke wangu," akasema.

Nilidhani mzee wa watu kachanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo.

Halidi alizaliwa juu huko milimani, upande wa mashariki ambako mvua haijui likizo. Alipomwoa Chausiku alihamia kwao mwanamke, kama desturi yao ilivyo, maana kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo, na ukoo hufuata mama. Walijenga kibanda chao kando ya Kilundwa, peke yao, mbali na majirani. Siku moja wakaja watu wa maji, wakasimika mtoni ubao wa chuma wenye tarakimu, wakataka mtu wa kuusoma asubuhi na jioni na kuandika. Walitaka mwanamume. Halidi akajitokeza, jina lake likaandikwa, akapewa daftari la safu nne: tarehe, saa, kimo cha maji, na maelezo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Halidi hakujua kusoma. Si herufi, si tarakimu. Alichojua ni kuchora sahihi yake, aliyofundishwa na rafiki yake siku mbili kabla ya kwenda kuoa.

"Nilimdanganya tangu uchumba," aliniambia. "Chausiku alikuwa na darasa la saba. Nikamwambia mimi nimeishia la nne. Niliona nikimwambia kweli atanikataa."

"Sasa mto ukausomaje?"

"Sikuusoma. Nilikwenda kukata miwa. Nikamwachia yeye."

Ndivyo ilivyokuwa. Halidi alikwenda kwenye mashamba ya miwa, anarudi mwisho wa mwezi siku mbili tatu, na mke ndiye aliyeteremka mtoni kila asubuhi na kila jioni. Mwisho wa mwezi Chausiku humpa daftari mumewe alikague. Halidi hukaa kwenye kigoda, hupitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, mpaka chini. Kisha husema, "Sawa," hutia sahihi yake, na kesho yake hulibeba kwenda nalo mjini.

Na Chausiku, masikini ya Mungu, aliona kidole kile akaamini mume wake anasoma. Basi akaanza kumwandikia. Safu ya maelezo ilikuwa ya kuandika mvua, jua, maji machafu. Yeye akaandika na ya nyumbani. Mtu yuko mbali, barua za kambini hupita kwanza mikononi mwa wenzake, lakini daftari la mto ni lao wawili.

Nilijuaje? Niliyasoma, ndiyo maana. Miaka kumi na miwili iliyopita, mkuu wangu wa wakati ule alitaka nafasi ya kuweka kompyuta. Vijana wa mkataba wakaingiza tarehe, saa na kimo. Maelezo wakayaacha, maana kompyuta haina haja ya kujua kwamba mbuzi wa mtu kazaa. Nikaambiwa, Mwanvita, kilichokwisha kuingizwa kiondoke. Sikubisha. Mimi ninayebisha hadi bei ya mchicha! Nikaorodhesha, nikatia sahihi, nikawaita kina mama wa maandazi na karanga pale getini wabebe maboksi. Wiki nzima nilikula karanga zilizofungwa kwenye Mto Kilundwa.

Na kabla hayajabebwa nilifunua mawili matatu, nikawasomea wenzangu tukacheka. "Mvua ndogo. Mbuzi kazaa pacha, mmoja mweusi kama wewe." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nakumbuka pia nilishangaa kwamba kuanzia mwaka themanini na nane maelezo yalikauka ghafla. Mvua. Jua. Mvua. Nikasema labda kabadilishwa msomaji.

Hakubadilishwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka themanini na saba walifiwa na mtoto wao, Abeid, wa miaka mitatu. Hawakupata mwingine. Halidi alikuwa kwenye miwa, habari ikamfika imechelewa, akakuta kaburi limeshakauka. Aliambiwa ilikuwa homa na degedege. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa.

"Nikamuuliza mbona hukumpeleka. Akasema mto ulijaa. Nikawauliza waliokuja kuzika, wote wakasema wamevuka kwa mawe, nguo hazikulowa. Hata mvua kijijini haikunyesha. Nikajua ananidanganya. Nikamwambia mbele ya kaka zake, wewe ulikaa nyumbani ukimtazama mwanangu anakufa."

Akazungusha kikombe.

"Yeye akaniletea daftari. Akasema, soma, nimeandika kila kitu. Kaka zake wananitazama. Ningefanyaje, mwanangu? Nikapitisha kidole. Nikasema, sawa. Nikatia sahihi."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini huyu aliuficha mpaka ukamzikia nyumba nzima. Kesho yake alilibeba daftari lile kwapani, mwendo wa saa saba kwa miguu kuteremka mjini, akalikabidhi ofisini. Jibu la swali lake alilibeba mwenyewe.

Waliishi pamoja miaka thelathini na mitano baada ya siku ile. Hakumwacha, hakumpiga. Alimwadhibu kwa kimya. Kula walikula, kulima walilima, lakini jina la Abeid halikutajwa tena mle ndani. Chausiku alifariki mwaka elfu mbili ishirini na mbili, na siku ya mwisho alimshika mkono akamwambia, "Halidi, uliyasoma yote, na bado hukunisamehe."

"Ukamwambia nini?"

"Nilinyamaza. Niliona aibu." Machozi yakamtoka. "Anakufa, nami naona aibu!"

Nilitaka kumzaba kofi, wallahi. Na nilitaka kumkumbatia.

Baada ya arobaini, ukoo wa mke ukamwita. Hawakuwa na ubaya. Ardhi ni ya ukoo, nyumba iko juu ya ardhi, na yeye aliyemfunga pale hayupo tena. Vyombo na kanga za marehemu ziligawiwa dada zake. Halidi akaondoka na begi lake, akaenda kuishi Dumila kwa mpwa wake Zuleha, anayeuza vitunguu barabarani. Picha ya Chausiku hana. Alichobaki nacho ni kujua kwamba mahali fulani mjini kuna daftari ambalo mke wake ameandika kila kitu, na kwamba safari hii yuko tayari kumwambia mtu yeyote, hata mgeni kabisa: nisomee.

Mgeni huyo nikawa mimi.

Ningemwambia palepale. Lakini niliogopa, nikajishika kwenye kompyuta kama mfa maji. Nikasema, "Madaftari yenyewe... tuanze na hii baba. Yameingizwa humu." Nikamkalisha karibu na Jonathan, mwanafunzi wetu wa uzamili aliyekuwa akiandika kuhusu mafuriko ya mito midogo ya Uluguru. Jedwali lile ndilo alilofanyia kazi, alilijua kama kiganja chake. Nikamwomba atufungulie Kilundwa, Desemba themanini na saba.

"Mwezi huo una matatizo, mama," Jonathan akasema. "Kuna siku nimeiondoa kwenye hesabu zangu. Kila siku kuna vipimo viwili, asubuhi na jioni, miaka yote, hakukosa hata siku moja. Halafu ghafla tarehe kumi na nne kuna vitano. Nadhani msomaji alikuwa amelewa."

"Funga bakuli lako na ufungue hiyo siku," nikamwambia. Kijana wa watu hakujua. Mzee Halidi alisogeza kiti.

Nikaanza kusoma. "Tarehe kumi na tatu, jioni. Sentimita arobaini na moja."

"Magotini," akasema Halidi. Tarakimu hakuzijua kwenye karatasi, ila mto aliujua kwa mwili wake. "Mawe yanaonekana."

"Tarehe kumi na nne, saa kumi na mbili asubuhi. Mita moja na sentimita arobaini na sita."

Akageuka akanitazama. "Rudia."

Nikarudia.

"Haiwezekani. Hiyo ni kifuani. Mvua haikunyesha."

Jonathan akasema kwa upole, "Mzee, kijijini labda haikunyesha. Kipimo cha mvua cha kule juu msituni, usiku ule kilipata mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Ikinyesha kule juu, mto unajaa huku chini jua linawaka."

"Endelea," Halidi akaniambia.

"Saa tatu asubuhi. Mita moja na hamsini na nane."

Akanipungia mkono niendelee.

"Saa sita mchana. Mita moja na sitini na tatu. Saa tisa. Mita moja na sitini." Hapo nilikuwa nimekwisha kuelewa. Hakuna anayekwenda kupima mto mara tano kwa ulevi. Mwanamke alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Alikuwa anateremka kuangalia kama anaweza kuvuka, anaona haiwezekani, anapanda, mtoto anazidiwa, anateremka tena. Na kila akiteremka, kwa kuwa ni kazi ya mume wake na jina la mume wake, anaandika. "Saa kumi na mbili jioni. Mita moja na hamsini na saba."

"Na kesho yake?"

"Tarehe kumi na tano, asubuhi. Sentimita sabini."

"Sabini," akasema Mzee Halidi. "Unavuka kwa mawe, unapandisha nguo kidogo tu." Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Abeid alikufa alfajiri ya kumi na tano. Walimzika saa nane mchana. Jioni je? Jioni ya siku hiyo kuna kitu?"

Nilitazama. Kilikuwepo. "Sentimita hamsini na mbili."

"Amemzika mwanawe saa nane," akasema, "na saa kumi na mbili amekwenda kunisomea mto ili nisifukuzwe kazi."

Jonathan aliinuka akatoka nje. Halidi alilia, si kilio cha wazee cha kufuta jicho kwa kanzu. Alilia kwa sauti, ndani ya maktaba, na nilimfukuza kwa macho kila aliyegeuka. Akarudia maneno yaleyale: alikwenda mara tano, Chausiku, ulikwenda mara tano. Nilimshika bega tu. Kuna kilio hata pole haikifai.

Alipotulia akaniuliza nilichokuwa nakiogopa toka asubuhi. "Namba nimezisikia. Maneno je? Pale pembeni aliniandikia nini?"

Kwenye kioo cha kompyuta safu ya nne ilikuwepo. Juu yake kumeandikwa Maelezo. Chini yake kweupe, toka mwanzo hadi mwisho.

"Baba, hayapo. Vijana hawakuyaingiza."

"Madaftari yenyewe si mnayo hapa?"

"Hatunayo. Niliyatoa mimi."

"Ukampa nani?"

"Wauza karanga."

Afadhali angenitukana; badala yake akauliza, "Lakini uliyasoma kabla?"

"Machache."

"La siku ile?"

Hapo ulimi wangu ulikuwa umeshapata uongo, mtamu, tayari kabisa. Aliandika kwamba anakupenda. Aliandika usihuzunike. Nani angenikamata? Lakini mtu huyu na mke wake waliharibikiwa na "sawa" moja ya uongo miaka thelathini na mitano, na sikuwa na ubavu wa kumpa ya pili.

"La siku ile sikulisoma, baba. Wallahi ningekwambia. Nakumbuka moja tu, la zamani zaidi. Aliandika: mvua ndogo, mbuzi kazaa pacha, mmoja mweusi kama wewe."

Mzee Halidi akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. "Alikuwa ananitania," akasema. "Yule mbuzi namkumbuka. Miaka yote ile alikuwa ananitania, nami napitisha kidole tu." Kisha akalia tena, safari hii kimya kimya.

Nilichapisha ukurasa ule wa Desemba, nikampa achukue. Akaukataa. Akasema akiubeba Dumila utafungiwa vitunguu, nami nisichukie, ila karatasi za mto huu ameziona zinapoishia. Nilistahili hiyo. Akauweka mezani, akanyoosha kidole kwenye kile kiwanja cheupe.

"Hapa ndipo pa maneno?"

"Ndipo."

"Wanaruhusu kuandika?"

Hawaruhusu. Mimi mwenyewe ndiye niliyebandika tangazo ukutani, kwamba ni marufuku kuandika kwenye hati, na nimewahi kumtoa profesa mzima kwa kosa hilo. Nikampa kalamu.

Akaniomba nimwandikie pembeni kwa herufi kubwa, kisha yeye anakili. Nikaandika alivyoniambia. Akaanza kuchora. Herufi ya kwanza ilimchukua muda wa mimi kunywa chai yangu yote. Alikuwa na miaka sabini na minne, mkono umezoea panga la kukatia miwa, na aliishika kalamu kama inataka kumponyoka. Wanafunzi waliingia na kutoka. Jonathan alirudi, akaketi kwenye kompyuta yake, na niliona akirudisha vile vipimo vitano kwenye hesabu zake, kimoja kimoja.

Ilikuwa karibu na adhuhuri alipomaliza. Kwenye mstari wa tarehe kumi na nne, safu ya maelezo, herufi zikipandana na kutoka nje ya mistari, palikuwa pameandikwa: SIKUJUA KUSOMA.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akakipitisha polepole mpaka ya mwisho, vilevile kama alivyokuwa akifanya kwenye kigoda mbele ya mkewe. Mdomo ukafunguka kwa ile "sawa" yake ya miaka yote. Haikutoka.

"Chausiku alijua kusoma," akasema. "Yeye angeisoma."